Ati maji yakipita kasi kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa?

DadaVitunguu (Iringa)

Habari zenu wana jukwaa. Mimi si fundi, nauza vitunguu, kwa hiyo nikikosea majina ya vitu mnivumilie. Nina pikapu ya dizeli, imeshakula chumvi. Napakia Ruaha Mbuyuni, napandisha mlima Kitonga mpaka Iringa, mara mbili kwa wiki, na msimu ukichanganya mara tatu.

Mwezi wa tatu ilianza kuchemsha, hata tambarare, hata ikiwa tupu. Gereji wakatoa themostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, fundi akanikabidhi mkononi akasema hii ni ya nchi za baridi, huku haina kazi. Kweli, tambarare ikatulia. Tena ikatulia kupita kiasi: asubuhi naendesha nusu saa sindano bado imelala chini. Lakini nikiwa na mzigo Kitonga, zile kona za katikati, nyuma ya malori, sindano inapanda mpaka kwenye wekundu. Nasimama pembeni, kijana wangu anaruka na jiwe la kuzuia tairi, tunasubiri dakika arobaini huku madereva wanatupigia honi.

Nimerudi gereji. Fundi mwingine ananiambia kwa sababu themostati haipo, maji yanapita mbio kwenye rejeta "kama daladala lisilosimama kituoni", joto halipati nafasi ya kushuka. Anataka kuweka kipande cha bati chenye tundu dogo kwenye mdomo wa bomba ili yapungue kasi. Na alinithibitishia: injini ikiwa inawaka, akaibana hozi kidogo kwa koleo, akaniambia shika hozi ya chini. Nikashika. Kweli ilikuwa imepoa zaidi kuliko mwanzo.

Sasa kichwa changu kimegawanyika. Mkono wangu umeshuhudia. Ila nyumbani nikitaka uji wa mtoto upoe haraka naukoroga, siuachi utulie. Nani yuko sahihi, mimi na uji wangu au fundi na koleo lake?

FundiMsamvu

Dada, fundi wako hajakudanganya. Niko kwenye magari mwaka wa 19 huu, hapa Morogoro. Maji lazima yakae kwenye rejeta yapoe ndipo yarudi. Themostati nimetoa zisizo na idadi na wateja hawajarudi kulalamika. Weka hilo bati, tundu la ukubwa wa shilingi ya zamani. Halafu kapime gasketi ya silinda hedi (ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na bloku), huenda imeshaungua kwa huko kuchemsha kwako.

Mitambo_MwakaWaTatu

Samahani wakubwa, mimi bado niko chuo, lakini hili ndilo somo letu la muhula huu.

Kasi ya maji haibadilishi muda peke yake, inabadilisha tabia ya maji yenyewe. Mwaka 1883 kule Manchester, Osborne Reynolds alipitisha maji kwenye bomba la kioo na kuingiza ndani yake uzi mwembamba wa rangi. Maji yakienda polepole, rangi ilinyooka kama uzi wa cherehani mpaka mwisho wa bomba. Alipoongeza kasi, ikafika mahali uzi ukaanza kutetemeka, ukakatika, rangi ikajaa bomba zima. Kwenye ule mtiririko mtulivu, maji ya katikati hayajui hata kama ukuta wa bomba upo. Joto lao linapenya kuelekea ukutani tabaka kwa tabaka, kwa kuambukizana. Kwenye mtiririko wenye vurugu, maji ya katikati yanatupwa ukutani na ya ukutani yanavutwa katikati, muda wote. Uji wako dada ndio huo.

Kuna namba inayotumika kujua uko upande gani, inaitwa namba ya Reynolds. Kwenye bomba, chini ya 2,300 hivi ni utulivu. Nimejaribu kukadiria: mirija ya rejeta yenye upana wa ndani milimita 3, maji yakienda nusu mita kwa sekunde. Maji yakiwa ya nyuzi 20, namba inatoka kama 1,500. Maji hayohayo, kasi ileile, yakifika nyuzi 90, inatoka kama 4,600, kwa sababu maji ya moto ni mepesi kutiririka, mnato wake umeshuka hadi theluthi moja. Sasa ukiyapunguza kasi nusu kwa hilo bati, unarudi 2,300, mlangoni kabisa mwa utulivu. Ukiweka kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini), ambayo ni nzito kuliko maji matupu, unavuka huo mlango.

Na kwenye vurugu kamili, ukizidisha kasi mara mbili, uwezo wa maji kukabidhi joto kwa ukuta unazidi kama mara 1.74. Haufiki mara mbili, lakini haupungui hata siku moja.

Nikikosea nisahihishwe.

FundiMsamvu

Kijana ulishawahi kushika rejeta ikiwa ya moto? Namba 4,600 haipandi Kitonga.

Kwamagamba

Si yupo Mtanzania mwenzetu aliyeona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda haraka kuliko ya baridi? Erasto Mpemba, pale shule ya Magamba, 1963. Labda dada aache tu ichemke, itapoa yenyewe 😂

OilaMstaafu (Tanga)

Mpemba alikuwa na friji na aiskrimu. Huyu dada ana Kitonga na magunia ya vitunguu. Tumsaidie.

Mimi niliingia baharini mwaka 1984 nikiwa oila, mtu wa kushika tambara na kopo la mafuta, nikashuka nikiwa injinia wa tatu. Miaka yote hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa kulinda joto lisizidi. Nitakupa kisa kimoja, halafu tutarudi kwenye pikapu yako, maana kisa hicho ni koleo la fundi wako mtupu.

Tulikuwa na injinia wa pili, meli ndogo ya mizigo ya mwambao, jina tuliache. Injini ya meli inapozwa na maji matamu, na hayo maji matamu yanapozwa na maji ya bahari kwenye kipozeo. Bahari ilikuwa nyuzi 28, inaingia kwenye kipozeo na kutoka nyuzi 38. Yule bwana akaona maji yanatoka vuguvugu tu, akasema tunayapoteza, yanapita bila kubeba kitu. Akaifunga valvu nusu. Baada ya robo saa maji ya bahari yakawa yanatoka nyuzi 48. Akafurahi kweli, akanipiga begani, "umeona, sasa yanafanya kazi!" Mimi nilikuwa natazama geji nyingine, ya maji ya injini yenyewe. Ilikuwa 78. Ikawa 81. Ikawa 84. King'ora kililia ilipofika 86, bado anatabasamu.

Hesabu yake iko hivi. Injini inatoa joto lilelile, haijali wewe umefunga valvu gani. Maji yakiwa mengi, kila lita inabeba kidogo. Yakiwa machache, kila lita inalazimika kubeba zaidi, kwa hiyo inatoka ikiwa ya moto zaidi. Ukitazama lita moja peke yake utadhani umepata faida. Nenda kwenye jengo linalomwagwa zege: vibarua kumi wanakimbia na karai nusunusu, au watatu wanatembea na karai zimejaa pomoni. Ukimtazama mmoja wa wale watatu utasema huyu ndiye mfanyakazi. Lakini mwenye nyumba anahesabu zege lililofika juu.

Kwenye rejeta ni kioo cha hilohilo. Fundi alipobana hozi, lita chache zilipita, zikakaa zaidi, zikatoka zimepoa zaidi. Mkono wako haukudanganywa, umeshika kitu cha kweli. Ila hozi ya chini inakuambia habari za lita moja, haikuambii rejeta imetupa joto kiasi gani kwa dakika. Wakati unaishika hozi ya chini, silinda hedi huko juu ilikuwa inapata maji machache. Na hapo ndipo pa kuogopa. Karibu na valvu za moshi chuma ni cha moto kuliko mahali pengine pote. Maji yakipita kasi, viputo vya mvuke vinavyozaliwa pale vinafagiliwa. Yakizubaa, viputo vinaungana vinakuwa blanketi la mvuke, na mvuke ni mpokeaji mbovu wa joto. Chuma kinapanda joto ghafla huku geji inasema mambo ni shwari, kwa sababu geji inapima maji, haipimi chuma. Gasketi inaungua hivyo.

FundiMsamvu, usidhani nakudharau. Najua wapo waliotoa themostati, wakaweka bati la tundu, gari likapona. Lilipona kwa sababu nyingine: kizuizi kinaongeza shinikizo la maji ndani ya bloku, na maji yenye shinikizo huchelewa kuchemka. Kazi hiyohiyo inafanywa na mfuniko mzima wa rejeta.

Kasi nayo ina mwisho wake, nisije nikaonekana mshabiki. Kwenye meli, mirija ya shaba na nikeli tulikuwa haturuhusu maji ya bahari yazidi kama mita 3 kwa sekunde, yanakula mrija mpaka unatoboka. Wala tulikuwa hatuachi yashuke chini ya mita 1, tope linatulia na makome yanajenga nyumba. Na pampu inadai chake: ukitaka maji mara mbili, nguvu ya kuisukuma inakaribia mara nane. Lakini hakuna mahali popote nilipoona kipozeo kinapoza zaidi kwa sababu maji yamepungua.

Sasa pikapu. Nina maswali mawili tu.

La kwanza: ile themostati uliyokabidhiwa unayo? Itazame upande wa chini, chini ya springi, kuna kisahani cha pili? Injini nyingi za Kijapani zina njia mbili za maji. Moja inaenda kwenye rejeta, nyingine ni ya mkato, inarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, kwa ajili ya wakati injini ni baridi. Themostati ikifunguka, kile kisahani cha chini kinashuka kuziba njia ya mkato. Ukiitoa themostati nzima, njia ya mkato inabaki wazi maisha. Maji hayana akili, yanapita penye wepesi. Kwa hiyo maji yako hayapiti mbio kwenye rejeta. Mengi hayafiki rejeta kabisa. Tambarare hayo machache yanatosha, tena yanazidi, ndiyo maana sindano inalala. Kitonga hayatoshi.

La pili: uso wa rejeta uko safi? Usitazame kwa mbele. Weka tochi nyuma, upande wa feni, usiku, halafu simama mbele uone mwanga unapenya wapi.

Kijana wa chuo, tuwekee hesabu ya upande wa hewa. Ndiko kwenyewe.

Mitambo_MwakaWaTatu

Asante mzee. Joto likitoka kwenye maji linaruka vizingiti viwili vikubwa: kutoka maji kwenda kwenye chuma, na kutoka chuma kwenda kwenye hewa. Maji yanayosukumwa hupokea na kutoa joto kwa maelfu ya wati kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Hewa ya feni ni makumi, ikijitahidi sana mia na kitu. Ndiyo maana rejeta ina mapezi (vibati vyembamba) mengi upande wa hewa, kufidia unyonge wa hewa kwa eneo. Hata hivyo hewa inabaki ndiyo kizingiti kirefu.

Mfano wa kukadiria tu: tuseme vizingiti vyote jumla ni 10, hewa 8, maji 2. Ukizidisha kasi ya maji mara mbili, ile 2 inashuka mpaka 1.15, jumla 9.15. Umepata kama asilimia 9. Ukizidisha kasi ya hewa mara mbili, ile 8 inashuka mpaka kama 5.7, jumla 7.7. Umepata asilimia 30. Ukiyapunguza maji nusu kama anavyotaka fundi wa dada, jumla inakuwa 11.5, umepoteza. Na hapo sijahesabu kurudi kwenye utulivu wa Reynolds.

DadaVitunguu (Iringa)

Shikamoo Mzee Oila. Themostati ninayo, iko kwenye dashibodi na risiti. Kisahani cha chini kipo! Nimekisukuma kwa kidole kinarudi na springi. Imegongwa namba 82.

Kwa kupima joto, naweza kutumia ile bunduki ya kupimia paji la uso iliyobaki tangu wakati wa korona?

OilaMstaafu (Tanga)

Marahaba mwanangu. Hiyo ya korona inaishia nyuzi 43 hivi, imetengenezwa kwa ajili ya homa. Tafuta kipimajoto cha kioo, cha maabara ya shule, kinachofika 110. Itundike themostati kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse kitako, na kipimajoto nacho kisiguse kitako. Washa moto mdogo, koroga. Koroga kweli, usiponiamini mimi uamini uji wako: usipokoroga, chini patakuwa na joto lake na juu lake, utasoma uongo. Ianze kufunguka karibu na 82. Haitafunguka yote, kwa sababu huko kwenu juu maji yanachemka karibu na nyuzi 95, usishangae.

FundiMsamvu

Mimi nitasubiri majibu ya sufuria.

DadaVitunguu (Iringa)

Majibu. Nimechelewa, soko lilinibana.

Kipimajoto nimeazima kwa mwalimu wa sayansi jirani yangu, akaja nacho mwenyewe maana hakuniamini. Themostati ya zamani: 82, kimya. 88, kimya. Maji yakachemka kwa 95, imefumba kama jicho la maiti. Kwa hiyo fundi wa kwanza alikuwa na haki ya kuitoa, ilikuwa imekwama imefungwa, ndiyo maana nilikuwa nachemsha hata tambarare. Kosa lake ni kutoweka nyingine. Nimenunua mpya yenye kisahani cha chini, tukaitumbukiza kwenye sufuria ileile. Kwenye 83 ikapiga miayo taratibu, tukaona mwanya. Mwalimu akapiga picha, anasema ataionyesha darasani.

Sasa tochi. Saa mbili usiku kijana wangu kashika tochi nyuma, mimi mbele. Nilitarajia kuona mwanga kama kwenye chujio. Niliona kama robo tu, pembeni kulia. Kwingine giza. Tukafungua grili na kuisogeza rejeta: maganda ya vitunguu! Yale makavu, mekundu, mepesi kama karatasi. Yamelala kati ya mapezi tabaka kwa tabaka, yameshikana na mafuta na vumbi, mengine yameoza yamekuwa kama ngozi. Nilijaza ndoo ndogo ya rangi. Pale tunapopakilia upepo unayapeperusha siku nzima na mimi naiacha injini ikiunguruma na feni inavuta. Tumeyatoa kwa mkono na brashi laini, kisha maji kwa presha ndogo kutokea nyuma kwenda mbele, mwalimu alituonya mapezi yasipinde.

Halafu nikaona tundu nne za bolti kuzunguka rejeta hazina kitu. Nimeuliza, kumbe kulikuwa na kava ya plastiki ya kuizunguka feni. Iliondolewa lini sijui.

Jana nimepandisha na magunia 14. Kwenye kona ile ninayosimama siku zote kulikuwa na lori la mbao mbele yangu, tunatambaa gia ya kwanza, moshi wake wote unaniingia. Sindano ilipanda ikapita nusu kidogo, ikasimama hapohapo. Kijana alishaliweka jiwe mapajani. Hatukusimama mpaka Ilula.

FundiMsamvu

Hiyo kava ya feni ninayo moja hapa, imetoka kwenye pikapu iliyokatwa vipuri. Bila hiyo feni inazungusha hewa ileile nyuma ya rejeta badala ya kuivuta kutoka mbele, ndiyo maana sindano bado inapita nusu. Nitumie vipimo vya rejeta, upana na urefu, na umbali kutoka rejeta mpaka ncha ya feni. Na hiyo themostati iliyokufa usiitupe, nataka kuichemsha mwenyewe.

OilaMstaafu (Tanga)

Koroga maji, fundi.